Mtoto Aliyezungushwa Dunia Nzima Kutafutiwa Furaha

Habari zilinifikia kisimani, hapa Kishushe. Aliyezileta ni Tryphena, jirani yangu, huku anacheka.

"Mama Valentine, leta soda! Mjukuu wako huko Voi ameacha kulia. Tangu jana kimya. Wamepata jina lake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilishika mtungi wangu, lakini maneno yale yalining'ang'ania kama mbigiri kwenye kanga. Mtoto mchanga alie wiki nzima, halafu anyamaze tu hivi hivi? Nimelea, najua. Mtoto hanyamazi bure.

Nieleze kwa wasiotujua. Sisi Wadawida, yaani Wataita, mtoto akilia bila kukoma, wazee husema anadai jina. Basi wanamtajia majina ya ukoo, moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Sina neno na desturi hiyo. Lakini nyanya zetu walianza kwa kumpapasa tumbo, kumtazama masikio, kumpa titi. Majina yalikuja baadaye. Hawa wa siku hizi wanaanzia kwenye simu.

Mtoto alipozaliwa aliitwa Wakio, jina la marehemu mama yake Austin, mume wa binti yangu Valentine. Akaanza kulia. Hapo ndipo akatokea mtu anaitwa Ronald, mwenye koti la mistari na spika ndogo, anajiita Mwalimu wa Majina. Akawaambia Wakio ni aliyezaliwa usiku, na usiku ni giza, na giza ni huzuni, kwa hiyo jina ndilo linamliza mtoto. Ati watu wenye akili zao duniani huwapa watoto majina ya furaha. Marehemu Wakio mwenyewe alikuwa akicheka mpaka kanga inamdondoka, lakini Mwalimu hakuuliza hilo.

Basi wakaanza. Furaha. Mtoto analia. Wakaenda kwa Wakamba: Mutanu. Analia. Wakaenda kwa Waarabu: Farah, Saida. Analia. Felicia la Kilatini, Asheri la Waebrania, Sachiko la Wajapani. Hata Thabo walimwita, jina ambalo huko kwa Wasotho ni la wanaume, na huyu ni msichana! Dunia nzima wameizunguka, na zahanati iko ng'ambo ya barabara tu. Walipofika kwa Wayoruba na jina lao la Ayo, mtoto akanyamaza.

Nilimwachia Tryphena mtungi. Magari huku ni ya kubahatisha, kwa hiyo nilipanda juu ya lori la mawe mpaka Voi, vumbi mpaka kwenye meno.

Nyumbani kwa Valentine nilikuta maputo na wageni. Kuna keki imeandikwa AYO kwa sukari nyekundu. Ronald amekaa kiti cha mbele kama bwana harusi.

"Mama, karibu! Umewahi keki," Valentine akasema.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Tangu jana analala tu, Mama. Jina limemkubali."

Nilimkuta kwenye kochi, katikati ya mikoba ya wageni. Mwili moto kama jiwe la jikoni. Midomo imekauka, utosi umebonyea, nepi haina hata tone. Nikamfinya kisigino. Akafungua mdomo, sauti haikutoka.

"Amenyonya lini?"

Valentine akamtazama Austin. Austin akamtazama Ronald. Hebu niambie, mtu anaulizwa habari ya mtoto wake kunyonya, anamtazama mwanaume wa koti la mistari!

"Jana... kidogo," Valentine akasema.

"Wakio huyu hajanyamaza. Ameishiwa nguvu ya kulia."

Ronald akaruka, akaziba mlango. "Mama, usitaje jina hilo! Utamrudishia kilio!"

"Ndicho ninachokitaka. Toka mlangoni."

"Tulia kwanza, Mama, furaha ina taratibu zake..."

"Wewe una mtoto?"

"Bado, lakini nimesomea..."

"Basi kula keki."

Nikatoka na mtoto kifuani. Valentine akanifuata akilia, sasa yeye ndiye analia. Austin alibaki nyuma akitafuta viatu, na hao wageni wote hakuna hata mmoja aliyezima muziki.

Hospitali, nesi akauliza jina la mtoto. Valentine akasema Ayo. Austin, ambaye viatu vyake vilikuwa vimepatikana, akasema labda aandikwe Furaha. Nesi akawatazama wote wawili. "Mtabishana nje. Naandika mtoto wa Valentine."

Akamgeuza mtoto kichwa, usaha ukatoka sikioni. Sikio! Kilio chote kile kilikuwa sikio, na wao wako kwa Wajapani. Akamdunga sindano mkononi, mtoto kimya. Akamwekea dripu, kimya. Nilikaa nimeshika ule mguu mdogo, naomba Mungu nisikie tena kilio chake. Maji yalipokwisha kuingia ya kutosha, nesi akaja kumdunga dawa, na hapo mtoto akajikunja, akapiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka.

Valentine akashtuka. "Mama, analia! Tumtajie jina?"

"Mtajie titi," nikamwambia.

Akanyonya. Amepona. Na Ronald anazunguka Voi akisema ni Ayo lililomponya, amebandika hata picha ya mtoto kwenye bango. Watu wanaenda. Ndiyo sababu nimeandika.

Wenye watoto wachanga, haya yaepukeni:

Kutaja majina kabla ya kumshika mtoto kipaji cha uso.

Kusahau kutazama masikio.

Kushangilia mtoto aliyenyamaza na hanyonyi.

Kulitwika jina kazi ya dawa, liwe la Kidawida au la ng'ambo.

Mwalimu wa majina, hasa mwenye spika.

Kumtazama mwanaume mwingine ukiulizwa habari ya mtoto wako.

Keki, kama nepi bado ni kavu.