Obwona Yuko Kazini

Koplo alikuwa anakula muhogo wa kuchoma juu ya meza ya kupokelea malalamiko, na hakuacha kula kwa ajili ya Ajok. Alikwisha kumzoea. Tangu mvua za Aprili mwanamke huyo alikuwa akija kituoni na swali moja, na koplo alikuwa na jibu moja. Alimsikiliza akitafuna, kisha akapangusa vidole kwenye suruali.

"Mama, mimi nasema na wewe kila siku. Bwana yako hapana potea. Iko kazi. Tuliuliza huko kazi yake, wakasema Obwona iko, nafika kila asubuhi. Sasa mimi naandika nini? Kwamba mutu amepotea na iko kazini?"

Ajok alimwambia, kwa upole wa mtu anayeomba, kwamba yeye mwenyewe ni mpika chai katika jengo hilohilo la Bunge, na kwamba hajamwona mumewe pale tangu siku watu wa miwani nyeusi walipomtia kwenye buti la gari mbele ya geti. Koplo akatazama mlangoni. Hakutaka kusikia habari za buti. Akasema kazi ya polisi ni kuwatafuta waliopotea, na mtu aliyeko kazini ni wa mkubwa wake wa kazi. Aende akamwulize huyo mkubwa, Kapteni. Akarudi kwenye muhogo wake.

Ndivyo Kampala ilivyokuwa miaka ile. Wanajeshi walikuwa wamelivunja Bunge, na wabunge wakaenda zao, wengine Nairobi, wengine kule ambako hakuulizwi. Lakini ofisi za Bunge hazikuvunjwa. Mishahara iliendelea kuja, na penye mzoga hapakosi tai. Aliletwa Kapteni mmoja kuziongoza ofisi hizo, akaja na mashemeji, na binamu, na watoto wa rafiki zake, akawagawia vyeo: ukarani wa kamati zisizokaa, ukutubi wa maktaba ambayo hata ufunguo wake ulikuwa haujulikani uliko. Wengi wao Ajok hakuwahi kuwapikia chai, maana hawakuja. Wale wa zamani, hasa waliotoka kaskazini, wakaanza kupungua. Alipungua Okullo wa mitambo ya sauti. Akapungua mzee Erinayo wa uhasibu, naye hakuwa hata wa kaskazini. Alikuwa Mganda aliyependa mno kuuliza risiti. Walipungua wao, majina yao hayakupungua kwenye orodha ya mishahara.

Mume wa Ajok, Obwona, alikuwa bawabu wa ukumbi. Alisimama kwenye mlango ule tangu uhuru, ndani ya koti la kijani lenye vifungo vya shaba, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha haingii mtu na kofia wala silaha, awe waziri awe nani. Alizipenda sheria za nyumba ile hadi kuchosha. Hata Kyebando walikopanga, mgeni akija na fimbo, Obwona humpokea kwa adabu na kuiegemeza nje. Miaka yote alikuwa amewaona wabunge wakiwavua mawaziri nguo kwa maneno, kisha jioni kila mmoja akienda kwake kula. Neno la ndani ya ukumbi halimshitaki mtu. Hilo Obwona alilijua kama alivyoijua sala ya Baba Yetu, na hilo ndilo lililomponza.

Maana Kapteni aliitisha mkutano wa watumishi wote, akaufanyia ukumbini. Alipofika mlangoni na bastola kiunoni, Obwona, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kuipokea. Kapteni akacheka, akaifungua bastola na kumkabidhi, akasema sheria ya nyumba ni sheria. Ajok alikuwa nyuma na birika. Aliona uso wa mumewe ulivyong'aa, naye akaingiwa na hofu.

"Hapa hakuna siri," Kapteni alisema, amekaa kwenye kiti cha Spika. "Serikali nataka mambo wazi. Leo kila mutu naweza sema ile iko kwa roho yake. Ndani ya hii nyumba hakuna mutu nakamatwa kwa maneno. Si ndiyo, mzee wa mlango?"

Ajok alipita na vikombe, akamkanyaga mumewe mguu, tena kwa nguvu. Obwona akausogeza mguu wake. Aliinama mbele ya kiti, kama ilivyo desturi, kisha akauliza kwa adabu zote: watumishi walioondoka bila kuaga wako wapi, na hawa wanaolipwa badala yao wanakaa chumba gani, kwa kuwa yeye ndiye anayefungua milango na hajawahi kuwafungulia. Kapteni alimshukuru. Akawaambia watu wampigie makofi, nao wakapiga. Alipotoka aliichukua bastola yake mlangoni, akamshika Obwona bega, akamwita mzalendo. Wiki haikuisha gari likaja.

Ajok hakuwa mtoto. Alijua kwamba waliotiwa kwenye buti hawarudi. Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo hata aliona haya kukitamka: mtu mmoja mwenye mhuri akubali kwamba Obwona hayupo. Bila hilo, mochari hawamfungulii. Bila hilo, mama mkwe wake huko Kitgum, kaskazini, amekataa katakata kumwekea matanga mtu ambaye ofisi yake inasema yu mzima na anafanya kazi. Kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Binti yao Akwero, aliyekuwa akisomea ualimu Kyambogo, alimsihi mamaye aache kuulizauliza wasije wakachukuliwa na wao. Ajok alimwambia sawa, na kesho yake akarudi kituoni.

Kwa hiyo iliposikika kwamba mkaguzi anakuja kuwahakiki watumishi, mtu kwa mtu na uso kwa uso, Ajok alipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Mkaguzi mwenyewe alikuwa Bwana Sadiq, mtoto wa wale Waislamu wa asili ya pwani waliofungua maduka Uganda zamani za babu zao, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba hali mlungula. Ajok hakuhitaji kusema lolote. Jina la Obwona lingeitwa, pangekuwa kimya, na kimya kile kingeandikwa na mtu wa serikali. Jumapili alikwenda kanisani Nsambya, akamwomba Mungu kimya hicho tu.

Siku ya ukaguzi ukumbi ulijaa. Ajok hakujua kwamba Bunge lisilokuwapo lilikuwa na watumishi wengi namna ile. Sura zilikuwa ngeni, na chini ya suruali za ofisini palichungulia viatu vya jeshi. Bwana Sadiq aliita majina polepole, akimtazama kila anayeitika. Alipoita Okullo, akaitika mtu. Ajok akageuka, akaona si yeye. Alipoita Erinayo, mhasibu aliyekuwa amekaribia kustaafu, akaitika kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kuota. Bwana Sadiq alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kapteni akakohoa, na mkaguzi akaendelea.

"Obwona."

"Niko."

Mlangoni alisimama mtu mfupi ndani ya koti la kijani. Ajok alilitambua kwa kifungo cha pili kutoka juu, alichokishonea uzi mweusi kwa sababu wa kijani haukupatikana mji mzima. Mikono ya koti ilimpita yule mtu hadi kwenye vidole. Bwana Sadiq akamwuliza kwao ni wapi, naye akasema Kitgum. Hapo mkaguzi akamsalimu kwa maneno machache ya Kiacholi, lugha ya huko, aliyoyaokota dukani kwa baba yake mjini Gulu. Mtu yule akatabasamu tu, kama asiyeelewa.

"Kama wewe iko na mashaka, bwana mkaguzi, bibi yake huyu hapa," Kapteni alisema. "Uliza yeye. Sisi hapana ficha kitu." Akamgeukia Ajok, na sauti yake ikawa ya jirani mwema. "Usiogope, Mama Akwero. Akwero hajambo? Gari yetu napita Kyambogo kila siku. Nitaambia vijana wasalimie yeye."

Bwana Sadiq alishuka ngazi za jukwaa hadi alipokuwa Ajok. Alikuwa na uso wa mtu anayelitaka jibu na kuliogopa.

"Mama, uniwie radhi kwa swali hili. Huyu ndiye mumeo?"

Ajok aliweka birika chini. Neno alilolibeba tangu Aprili lilikuwa limefika mdomoni, jepesi, na mtu mwenye mhuri alikuwa mbele yake akilingoja. Wakati ule alimchukia Obwona, alimchukia kwa kuamini kwake, kwa mkono wake aliounyoosha kupokea bastola. Kisha mawazoni akamwona Akwero na vitabu vyake kando ya barabara ya Kyambogo, gari likipunguza mwendo.

"Ndiye," alisema.

Bwana Sadiq hakuandika mara moja. Alimtazama hadi Ajok akainamisha macho. Kisha akaandika, akarudi mahali pake, na tangu hapo hakumtazama tena. Kapteni akacheka kidogo, akasema kumbe mambo mepesi, basi ampe bwana yake chai. Ajok akammiminia. Hakumwaga hata tone, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

Jioni gari la mkaguzi lilikuwa bado liko uani, kwa hiyo Kapteni akaagiza mume na mke watoke pamoja, waonekane. Walitembea bega kwa bega hadi getini. Askari wa zamu aliwafungulia, akawatakia safari njema ya nyumbani. Walipopinda kona mtu yule akasimama, akageuka huku na huku, akaanza kujieleza bila kuulizwa. Alikuwa msaidizi wa jikoni kambini, alisema, naye ana watoto. Aliambiwa vaa, akavaa. Hakuambiwa koti lilikuwa la nani, na yeye hakuuliza.

Ajok alimwomba ampe. Alisema hana kitu kingine cha kuzika.

"Siwezi, mama. Kesho naitwa tena."

Alisema hivyo kwa aibu, na Ajok akaamini kwamba aibu ile ilikuwa ya kweli, na kwamba haikuwa na faida yoyote. Mtu yule alijitazama kifuani. Kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia.

"Kapteni naangalia sana hivi vifungo," alisema. "Sindano hauna?"

Alikuwa nayo. Siku zote aliichomeka ndani ya ukosi wa gauni, uzi umezungushiwa juu yake. Ajok akamsogelea. Koti bado lilinuka ile dawa ya kung'arishia shaba. Watu waliotoka makazini waliwapita, na mwanamke mmoja aliyebeba ndizi akatabasamu kumwona mke anamshonea mumewe barabarani. Ajok alishona hadi kifungo kikakaza, kisha akainamisha kichwa kwenye kifua cha mtu asiyemjua, akakata uzi kwa meno.