Tulipu 10,007

Mimi simsahau mtu. Meya wetu, Stamenov, ni mtoto wa yule mkuu wa ushirika wa enzi za ukomunisti aliyetunyang'anya farasi, kisha akatupanga uwanjani safu kwa safu tumpigie makofi. Basi mwanawe alipotaka kung'oa bustani za pilipili hoho za akina mama, nyuma ya ofisi za mji, apande tulipu, nilisimama kikaoni nikapiga kelele mpaka koo likakauka.

"Kaa chini, Ndugu Mapinduzi," meya akacheka. "Kila mkazi aliye hai atapata tulipu yake. Tuko 10,007. Mstatili mmoja, safu sawasawa, asiachwe mtu. Nimeshaapa redioni."

Kando yangu Bibi Rusalina, mwenye bustani ya kwanza, alikuwa akifuta macho. Bila pilipili zile za kuchoma na kutia kwenye chupa, wakati wa theluji angekula nini?

Ndipo Mwalimu Tsvetana, aliyemfundisha meya hesabu, akaomba chaki.

"Stamenov mwanangu, safu ngapi?"

"Mia, mwalimu."

"Wanabaki saba."

"Basi tisini na tisa."

"Sasa wanabaki wanane. Unazidi kufukuza watu."

"Si unichagulie wewe!"

"Hakuna cha kuchagua. 10,007 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Siku nafundisha hayo ulikuwa unachungulia dirishani."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ongeza moja!" meya akafoka.

Wazee wakapiga ishara ya msalaba. 10,008 ni shufwa, na kwetu maua ya shufwa anapelekewa maiti, hata mtoto mdogo anajua.

"Basi nipunguze moja?" meya akauliza.

"Shufwa vilevile," mwalimu akajibu. "Utatuzika wote mara moja."

"Ongeza mbili basi!"

"10,009. Tasa nayo, pacha wa mwenzake."

"Punguza mbili!"

"Hapo umepata. Safu 87, kila moja tulipu 115. Ila tuambie, wawili gani kati yetu wakose ua?"

Nikanyoosha kidole. "Yeye na naibu wake!"

"Mimi sitoki!" naibu akaruka. "Atoke na mkewe!"

Mke wa meya alikuwa safu ya mbele. Alimtazama mumewe mara moja tu, na meya akaanza kutafuta leso mfukoni.

"Usihangaike, mwanangu," mwalimu akambembeleza. "Safu moja nayo ni mstatili. Mwembamba tu."

Kiapo ni kiapo, na safu moja ya tulipu 10,007 haiingii katika bustani ya mtu. Bustani zikasalimika. Mwezi wa kumi meya alikuwa ameinama kando ya barabara iendayo mto Danube, anafukia tulipu moja moja, na moshi wa pilipili za Bibi Rusalina unamwingia machoni. Nilikwenda kuukagua mstari. Ulikuwa umepinda kidogo, nikamwambia.