Mkufu wa Kuuza Shingoni mwa Bikira

Karatasi aliyotia sahihi Leonisa ilisema wazi: mkufu wa dhahabu ni mali ya Puring. Auuze apate kamisheni yake, au aurudishe kabla ya jua kuzama tarehe ishirini. La sivyo ni estafa, kosa la kula mali ya amana, na estafa ni jela.

Tarehe ishirini ndiyo leo, sikukuu ya mtaa. Na mkufu ulikuwa shingoni mwa sanamu ya Bikira Maria, juu ya gari la maua, kwenye maandamano, mbele ya watu mia tatu na bendi ya matarumbeta.

"Mkufu wangu uko wapi?" Puring aliuliza, jasho likimtiririka.

Leonisa akamwonyesha kwa kuchongoa mdomo kuelekea sanamu.

"Mungu wangu! Umemvalisha Bikira mali yangu?"

"Nimemwazima tu, dada. Mama alikuwa akimvalisha kila mwaka. Mwaka huu hayupo. Niliona aibu Bikira apite shingo tupu, watu waseme Mama amekufa na nadhiri yake."

Puring akapunguza sauti. Mama huyo alimjua vizuri, na mazishi alihudhuria.

"Pole, mdogo wangu. Lakini mali ya amana haiazimwi, hata kwa walio mbinguni. Uvue, au kesho asubuhi niko kwa mwendesha mashtaka."

Bibi Remedios, mtunza sanamu, alikuwa akitembea pembeni ya gari na masikio yake hayakuwa mazito. "Nani avue? Bikira havuliwi njiani kama mtoto aliyejikojolea! Mpaka arudi kanisani, saa mbili usiku."

"Jua linazama saa kumi na mbili," alisema Puring.

Leonisa alilitazama jua. Kuurudisha hakukuwezekana. Kulibaki kuuza. Akajipenyeza katikati ya waumini, rozari mkononi, mpaka kwa Tarcila, muuguzi aliyerudi likizo kutoka Dubai.

"Salamu Maria, umejaa neema... Dada, umeuona mkufu ule? Unauzwa... Bwana yu nawe..."

"Unamuuza Bikira?"

"Mkufu tu! Yeye anautangaza bure."

Wanawake wakaangua kicheko. Tarcila akanyoosha shingo. "Kwake umependeza. Kwangu je?"

"Utapendeza zaidi. Wewe unapumua!"

"Haya, nipunguzie peso elfu tano."

Hapo Puring, aliyekuwa akifuata nyuma na hasira zake, akashindwa kujizuia. "Elfu tano? Ile ni karati kumi na nane, mama! Mbili, basi, kwa ajili ya sikukuu."

"Tatu."

"Kimya!" Bibi Remedios alifoka. "Tuko fumbo la nne la rozari!"

Wakakubaliana kwa kunong'ona kupunguza elfu tatu. Tarcila alimtumia Puring pesa kwa simu mbele ya mchoma nguruwe, jua bado jekundu juu ya mapaa. Mkufu angeuchukua kanisani.

Puring alisoma ujumbe mara mbili. "Haya. Kesi hakuna."

"Na kamisheni yangu?"

"Una uso mkavu wewe!" Lakini alifungua pochi, akamhesabia yote.

Leonisa akanunua mishumaa miwili mikubwa, mmoja akampa Puring. Wakafuata gari bega kwa bega, wakikinga moto usizimwe na upepo.

"Mama yako angecheka leo," alisema Puring.

"Angenipiga kwanza," alisema Leonisa, akifuta macho. "Halafu ndipo angecheka."