Mkono wa Kukamua

Bastola mpya zilipofika, askari wenzake Mwihaki walizishangilia kama watoto walioletewa viatu vya Krismasi. Zilikuwa nyembamba, nyepesi, za kufichika vizuri chini ya koti. Zile za zamani zilikuwa na mpini mnene ajabu, ukiushika unadhani umepewa tofali, na aliyeziagiza hakuwahi kufikiria kwamba kuna wanawake katika kazi hii. Koplo Mwihaki, mlinzi wa hakimu mmoja anayeishi mtaa wa Elgon View, Eldoret, alikuwa amepigana na tofali lake miaka nenda miaka rudi hadi wakazoeana. Siku hiyo akalirudisha, akapewa hiyo nyembamba, akatia sahihi, akaipachika kiunoni. Hakuhisi kitu.

Na wala usidhani ni mambo ya bastola. Mwihaki hakuwa anahisi chochote tangu Februari, mama yake alipozikwa kule Cheptiret. Ingekuwa huzuni angeijua, maana huzuni ameshaiona. Hii ilikuwa ganzi tu. Alikula bila kujua kama chakula kina chumvi. Alipewa pole akajibu asante, kwa sauti ileile anayomjibia mtu aliyemfungulia lango. Kwenye mazishi hakulia, na watu wetu hawa, ambao ukiugua huwaoni lakini ukifa wanajua nani amelia na nani hakulia, walinong'onezana kwamba ni kazi ya polisi imemkausha. Upuuzi mtupu. Machozi yangekuja angelia, lakini hayakuja, sasa afanye nini?

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimebaki na maana kwake, nacho ni jioni. Baba yake, Mzee Githinji, alibaki kwenye ile nyumba peke yake na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe alikuwa wa mama, na mama ndiye aliyempa jina Betty, akisema anatembea kwa maringo kama mke wa pasta wao. Mzee hawezi kukamua, vidole vyake vimejikunja kwa baridi yabisi. Asubuhi jirani yao Nasike alikuja kukamua kabla ya kwenda kibaruani. Jioni, hakimu akishafika nyumbani na walinzi wa usiku wakishaingia, Mwihaki aliwasha gari lake dogo akashika barabara ya Nakuru mpaka Cheptiret, akamkamua Betty, akachemsha chai, wakanywa yeye na baba yake. Hawakuzungumza. Mzee alimwita "mama", maana ndiye binti wa kwanza na amebeba jina la mama yake Mzee, na zaidi ya hilo neno hakuwa na mengi ya kusema. Lakini Nasike alikuwa amemwambia Mwihaki pembeni kwamba chakula cha mchana hukaa kimefunikwa mpaka kinaganda, na kwamba Mzee hula tu siku ambazo binti yake amekuja. Basi ndiyo akawa anakuja kila siku.

Halafu ikaja amri. Kila mlinzi wa wakubwa afanye mtihani wa shabaha na bastola mpya, na atakayeanguka arudi kwenye sare na kuhamishwa. Si maneno ya kutisha watu. Walioanguka kwenye kundi la kwanza walikuwa tayari wako Turkana, huko ambako nyumbani unakuja ukipewa likizo. Kwa hiyo mambo yote ya Mwihaki yakawa yamekaa ndani ya kile kijichuma chembamba: akipita, anabaki karibu na baba yake, akianguka, Mzee anabaki anaangaliana na sahani iliyofunikwa. Mwihaki hakumwambia baba yake. Aliona ya nini kumtia mzee wasiwasi.

Siku ya kwanza ya mazoezi, kwenye uwanja wa shabaha upande wa Chepkoilel, alisimama kama alivyosimama siku zote, akafyatua. Risasi zilienda chini, kushoto, pale ambapo yule mtu wa karatasi wanayemlenga angekuwa na mfuko wa suruali. Akafyatua tena, zikaenda palepale. Mtu ambaye na lile tofali alikuwa akizipanga zote kifuani! Akaanza kulenga juu zaidi na kulia zaidi ili azivute katikati, ujinga ambao hata kuruta huonywa, na mwalimu akasonya nyuma yake.

Mwalimu alikuwa Inspekta Wepukhulu, Mbukusu mmoja mnene, mpole wa mwendo, ambaye hana haja na karatasi ya shabaha. Yeye huangalia mkono. Alichukua magazini ya bastola ya Mwihaki, akageuka, akachomeka risasi za bandia katikati ya zile za kweli bila kusema ni ya ngapi. Mwihaki akafyatua, moja ikalia, nyingine ikalia, ya tatu ikasema tak, na mdomo wa bastola ukainama wenyewe kama mtu aliyesinzia kanisani. Hapakuwa na mlipuko wa kuusingizia. Ni mkono wake ndio uliouinamisha.

Alidhani ni woga. Wepukhulu akasema hapana, woga hushtuka, na huu mkono haushtuki. Huu unashuka polepole, kwa mpangilio, kama unaojua kazi yake. Akaiweka bastola mezani, akanyoosha vidole vyake viwili vya katikati, akamwambia avishike kama mpini. Mwihaki akashika. Akaambiwa afyatue, akavuta kidole cha shahada. Inspekta akamwambia arudie. Kisha tumbo lake lote likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Koplo," akasema, "wewe unanikamua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mkamuaji hubana juu kwa kidole cha shahada na gumba, halafu vidole vingine hufuata kimoja baada ya kingine mpaka kile cha mwisho, ndipo maziwa yashuke. Lile tofali la zamani halikuruhusu mchezo huo, lilikuwa nene, vidole vilivyonyooshwa kulizunguka vilikuwa na kazi ya kulishikilia tu. Hii nyembamba imejaa kiganjani sawasawa na chuchu ya ng'ombe, na mkono wa Mwihaki, uliokamua tangu akiwa darasa la pili, ukakumbuka kazi yake ya kwanza. Kidole cha shahada kikisogea tu, vile vitatu navyo vinafuata, na mdomo wa bastola unavutwa chini. Wepukhulu alisema ugonjwa huo huletwa na watu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia, kwenye ng'ombe wa maziwa, hata yeye mwenyewe aliwahi kuwa nao. Watu wa Mombasa hawana huo, wana ugonjwa wao mwingine.

Dawa yake ilikuwa rahisi kusema. Vidole vitatu vya chini vya mkono wa kulia vifunge mara moja, vyote pamoja, halafu vilale. Visifanye kazi nyingine. Nguvu itoke mkono wa kushoto, kiganja kipande juu kijaze lile pengo lililoachwa na wembamba wa mpini, vidole gumba vyote viwili vielekee mbele. Kidole cha kufyatulia kisizame mpaka kwenye kiungo kwa sababu tu kinafika. Kiguse kwa ncha yake peke yake, kivute nyuma moja kwa moja. Mwihaki alifanya, na kwa muda risasi zikapanda. Akija kesho yake, zimerudi mfukoni mwa suruali.

"Jana jioni ulikamua?" Wepukhulu akauliza.

"Nilikamua, afande."

"Basi wacha ng'ombe. Mpaka mtihani uishe usimguse. Mimi naufundisha huo mkono asubuhi, wewe unaufundisha kinyume jioni, tutafika wapi?"

Jioni hiyo Mwihaki alimpigia baba yake simu. Alimwambia kazi imebana kidogo, hatakuja kwa muda kama wiki mbili, Nasike atakamua na jioni pia. Mzee akasema, "Sawa, mama." Akangoja. Mwihaki naye akangoja. Wakakata. Haki ya Mungu, ningekuwa karibu ningemnyang'anya hiyo simu nimalizie mwenyewe yale yaliyobaki, lakini ndivyo walivyo wale wawili, ukiwauliza kama nyumba inaungua watakujibu ni sawa.

Angeweza kwenda tu kukaa, utasema. Aende akae akimwangalia Nasike anakamua na yeye amekunja mikono? Baba yake angeuliza kwa nini, au asingeuliza, na hilo la pili ndilo lilikuwa baya zaidi. Akabaki mjini.

Alifanya mazoezi chumbani kwake, bastola ikiwa tupu. Aliweka kizibo cha soda juu yake, karibu na mdomo, akafyatua hewa akielekea ukutani. Kizibo kikianguka, mkono umekamua. Kilianguka, akakiokota, kikaanguka tena. Baadaye kikaanza kukaa. Aliyemfundisha kukamua ni mama yake, akiwa amechuchumaa nyuma yake, mkono wake juu ya mkono mdogo wa Mwihaki, akiubonyeza kidole baada ya kidole huku akimkaripia ng'ombe asimame vizuri. Hilo lilimjia kichwani usiku mmoja akiwa na kizibo mkononi: kwamba huo anaoutoa ndani ya kiganja chake ni mkono wa mama. Akangoja kuumia. Haikuuma. Akakirudisha kizibo mahali pake, akaendelea.

Siku ya mtihani kulikuwa na baridi ile ya Eldoret ya asubuhi, ya kuingia mpaka kwenye meno. Mwihaki alisimama, akafunga vidole vyake mara moja, akaviacha vilale. Risasi ziliingia kifuani mwa mtu wa karatasi zikakaribiana hata ungeweza kuzifunika na kifuniko cha chupa ya chai. Hakuna aliyempita siku hiyo. Wepukhulu alikuja akautazama mkono wake, si karatasi, akasema sasa umelala kabisa, uache hivyohivyo. Mwihaki akasema asante, afande. Alitaka sana kufurahi. Alijichunguza ndani kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, akakuta alichonacho ni habari tu: hahamishwi.

Lakini habari hiyo ilikuwa na mtu wake. Hakimu akampa ruhusa ya mchana, akapita mjini akanunua mkate, sukari, na jiwe la chumvi la ng'ombe, kubwa, lile jekundu. Akashika barabara ya Cheptiret.

Mzee Githinji alikuwa ameketi kwenye kibao nje ya jikoni. Alifurahi kumwona, kwa namna yake. Alisogea kidogo kwenye kibao. Kisha Mzee akaingia jikoni, akatoka na vikombe viwili vya chai ya strungi, nyeusi tii. Mwihaki akaitazama ile chai. Akaweka kikombe chini, akalibeba jiwe lake la chumvi akazunguka nyuma ya nyumba. Banda lilikuwa limefagiliwa. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri na kutundikwa msumarini, na hapakuwa na ng'ombe.

Akarudi na jiwe lilelile mikononi.

"Baba, Betty ako wapi?"

"Nilimuuza wiki iliyopita," Mzee akasema. "Kwa mtu wa Burnt Forest. Mtu mzuri, ako na nyasi."

"Kwa nini?"

Mzee alikizungusha kikombe kwa vidole vyake vibovu. "Nilikuona umechoka, mama. Kutoka kazini, kuja huku, kurudi usiku. Na ukaacha kuja. Nikasema usije ukawa unanikwepa kwa sababu ya ng'ombe. Nikakuondolea mzigo."

Mwihaki akaketi. Jiwe la chumvi lilikuwa zito mapajani, na aliuhisi uzito wake wote, pamoja na ubaridi wake.

"Sikuwa nimechoka," akasema. "Walitaka kunihamisha, Baba. Kulikuwa na mtihani wa bastola, na mkono wangu ulikuwa unakosea kwa sababu ya kukamua, nikaambiwa niache mpaka niumalize. Nimeupita leo. Nilikuwa nataka nibaki hapa karibu na wewe."

Mzee akaweka kikombe chake chini.

"Hukuniambia," akasema.

"Na wewe hukuniambia."

"Mimi nawe hatujawahi kuambiana kitu," Mzee akasema. "Ni mama yako alikuwa anatuambia. Wewe ukiwa na jambo, yeye ndiye ananiambia. Mimi nikiwa nalo, anakuambia wewe."

Basi hapo Mwihaki akalia. Si kulia kwa adabu kwa kujifuta na leso. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, akiwa amelikumbatia jiwe la chumvi, akilia yale yote ya tangu Februari yaliyokuwa yamekaa mahali yakimngoja. Iliuma kila mahali. Mzee akamshika bega, akaliachia, akalishika tena.

Nasike alisikia akiwa kwao, akaacha alichokuwa anafanya akaja mbio mpaka kwenye ua wa michongoma, akauliza jamani ni nani amekufa.

"Ni mama yake," Mzee akamjibu.

Nasike alikuwa amepika kwenye hayo mazishi, na yeye na majirani walikuwa wameosha sufuria zake mpaka usiku. Hakuuliza lingine. Akazunguka kwa lango, akaingia, akakaa chini kwenye nyasi karibu na miguu ya Mwihaki, akavua kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyeketi matangani.