Unono wa Zein

Khala Fadhiya, dada wa mama yake, alimzunguka Zein polepole, kama mtu anayekagua mbuzi wa Idi.

"Mashallah. Alitoka hapa mwembamba kama ufito, leo ni pande la mtu. Arabuni watu hula wakashiba."

Chumba kizima kilicheka, na Zein akacheka nao. Tangu arudi, watu wa mtaa walikuwa wakipanda ngazi za nyumba yao pale Ndia Kuu kuja kumtazama, na kila mmoja aliusifu mwili wake. Sifa zile alizivaa kama kanzu ya kuazima: hana raha nayo, lakini haoni pa kuivulia.

Mwili ule haukuwa unono. Ulikuwa maji. Daktari alimwambia waziwazi kwamba figo zimechoka. Miaka yote ile huko Arabuni alifunga viyoyozi juu ya mapaa ya watu, juani, naye akalala katika chumba kisicho na hata feni. Aliyeshuka kwenda chooni alikatwa mshahara, basi yeye na wenzake wakajizoeza kutokunywa maji. Kichwa kikiuma, msimamizi aligawa vidonge, nao wakavitafuna kama njugu. Aliyeugua alipandishwa ndege. Ndivyo alivyorudi.

Swafia, mkewe, ndiye pekee aliyejua.

"Waambie," alimwambia asubuhi ile.

"Niwaambie nini? Nilikwenda mtu, nimerudi gunia la maji?"

"Basi mwambie Khubaib peke yake."

Khubaib, mdogo wake Zein, alikuwa amekwisha acha useremala wake. Alikuwa aende kwa kampuni ileile iliyomwajiri Zein. Sasa, mbele ya wageni, alimsogezea Zein kikombe cha kahawa.

"Kaka, wewe ndiye uliyenifungulia njia. Jumapili naruka. Nikirudi na tumbo kama lako, tuone nani atanikatalia binti yake."

"Wewe hata ukilishwa ng'ombe mzima utabaki ufito," Khala Fadhiya akasema.

Wakacheka tena. Safari hii Zein hakuweza. Kuugua hakukuwa aibu kubwa. Aibu ilikuwa kukaa hapa wiki nzima akisifiwa, huku ndugu yake akifunga mizigo, naye amenyamaza ili aendelee kuitwa pande la mtu.

"Nichukue nini cha lazima, kaka?"

Zein aliweka kikombe chini. Akapandisha kikoi hadi gotini, akakandamiza dole gumba kwenye muundi, kisha akaliondoa. Shimo likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Swafia, aliyekuwa mlangoni na sahani ya visheti, alisimama palepale.

Khubaib akainama, akaligusa shimo kwa ncha ya kidole.

"Yauma?"

"Hapana. Kaa kitako, nikwambie."

Khubaib akakaa. Macho yake hayakutoka kwenye mguu. Shimo lilikuwa bado halijajaa.