Taa ya Kulia

…moja au mbili, hicho tu ndicho alichoulizwa, wala si swali la mtihani, na Gharibu mwenye duka la spea ameshaweka viboksi juu ya kaunta anasubiri, na Odilia amesimama mbele yake anaviangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake likampotea, moja au mbili madam, mimi nakushauri uchukue mbili, anasema Gharibu, maana ukifunga balbu mpya upande mmoja itawaka nyeupe na ile ya zamani itabaki na unjano wake, hata mtoto ataona kwamba taa ya kulia imebadilishwa, na Odilia anaitikia, kweli, mbili basi, au… ngoja kwanza, anasema, maana maneno yale yamemwingia, hata mtoto ataona, na yeye ametoka shuleni akaja hadi Kibondo mjini ili mtu asione, ili kesho saa nne gari lake lifike mbele ya ofisi ya mtendaji wa kijiji na taa zake mbili kama magari ya watu wengine, basi, asiwepo wa kuuliza hii ilikufa lini, na sasa Gharibu anaichukua ile balbu mbovu aliyoileta kwa sampuli, anaifungua kwenye leso taratibu, anainyanyua kwenye mwanga wa mlangoni, anaguna, eh! hii imekufa siku nyingi, ona kioo chake kilivyogeuka cheusi, hii si ya juzi, ulikuwa unaendeshaje madam? na Odilia anasikia mdomo wake ukijibu wenyewe, ah, mimi jioni sitoki, na anashangaa jinsi uongo ulivyomzoea, zamani akidanganya alikuwa anasikia masikio yanawaka moto, sasa unatoka tu kama salamu. Mwalimu wa fizikia, jamani, miaka kumi na moja anachora balbu ubaoni, waya ule mwembamba, umeme unapita, waya unapata moto, moto unakuwa mwanga, Kidato cha Tatu wanaandika, halafu balbu ya gari lake mwenyewe, Korola kuukuu aliyoachiwa na padri mmoja aliyehamishwa, alikuwa haijui hata jina, na kama siku ile Kasulu angekuwa na ujasiri wa kusema sijui, neno moja tu, sijui, nionyesheni, basi mzee Bazilio saa hizi angekuwa shambani kwake kwa miguu yake miwili, lakini hapana, Alhamisi ile, wiki tatu zilizopita, walimu wako kwenye semina, muda wa chakula akatoka akaenda kwenye duka la Saady karibu na stendi, tangu Pasaka alikuwa anajua kwamba taa ya kulia haiwaki na kila wiki anasema nitanunua, nitanunua, na pale dukani wanaume wanne wamekalia makreti wanakunywa kahawa, balbu ya aina gani dada? H4, H7, H1, ya miguu miwili, ya miguu mitatu? na yeye akawa anasoma maandishi ya viboksi rafuni, na mmoja akasema mwambie shemeji aje mwenyewe, wakacheka, na yeye akacheka nao, hapo ndipo panapomuuma hadi leo, kwamba alicheka, akasema nitarudi, akavuka barabara akanunua kitenge ambacho hakukihitaji, ili tu atoke Kasulu na kitu mkononi, na kitenge chenyewe kiko kabatini, hajakikata, hawezi hata kukishika, mguu wa mtu mzima kwa kicheko cha wanaume wanne na kitenge cha maua, aibu gani hii Odilia, aibu gani.

Sasa kuna hizi na hizi, anasema Gharibu, zote ni H4, gari lako linachukua H4, hizi ni za kawaida, mwanga wake umepoa kidogo, kwenye ukungu wa huku zinasaidia sana, na hizi za LED ni nyeupe, kali, vijana wanazigombania, ila mimi sikufichi, zinamchoma macho anayekuja mbele, na Odilia anarudia kimoyomoyo, anayekuja mbele, anayekuja mbele alikuwa Bazilio, giza linaanza kuingia na manyunyu yanadondoka, yeye Odilia anarudi kutoka Kasulu, ameshaiacha lami, ameipita Murungu, anakata ile kona ya migomba, na mzee anakuja anasukuma baiskeli na mikungu mitatu ya ndizi, mzee akaona taa moja, ile ya kushoto, ya upande wa mbali naye, na huku kila mtu anajua taa moja ni pikipiki, hakuna anayefundishwa, taa moja unaiachia njia ya pikipiki, unasogea hatua moja pembeni inatosha, hushuki mtaroni na mzigo wako kwa ajili ya pikipiki, na yeye akasogea hatua moja, kama mtu mwenye akili zake timamu, na nyuma ya ile taa moja likaja gari zima. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, ko! kioo cha pembeni kimekunjwa, basi, akafunga breki, akashuka anakimbia na viatu vinamvuka, akamkuta mzee mtaroni kifudifudi, baiskeli iko juu yake, mguu umelala upande ambao mguu haulali, na kabla hajasema neno mzee akageuza uso akamtambua, mwalimu! ni wewe mwalimu! Mungu kakuleta, ni pikipiki, nimeona taa moja nikaiachia njia, imenipiga ikakimbia, na lile neno, ni mimi mzee wangu, lilishafika kwenye meno, lilifika kabisa, anaweza kuapa lilifika, akafungua mdomo likatoka jingine, akasema pole mzee, pole sana, tukupeleke hospitali, na njia nzima mzee amelala kiti cha nyuma anaomba radhi, anaomba radhi! samahani mwalimu nakuchafulia kiti, damu hii nitakuja kukuoshea mwenyewe, na pale hospitali nesi akauliza, umemgonga wewe au umemkuta? akajibu nimemkuta, na nesi akaandika, amemkuta, akamwangalia kwa macho ya huruma akasema wangekuwa wengi kama wewe dada, nchi hii ingekuwa mbali.

Ungekuwa umeishia hapo angalau ungekuwa uongo mmoja, anawaza, huku kidole chake kinasugua pembe ya kiboksi, lakini jogoo je? Wiki iliyofuata mke wa Bazilio alitembea kwa miguu hadi nyumba za walimu, jogoo mwekundu kwapani amefungwa miguu kwa ukamba wa mgomba, akapiga magoti pale barazani, mama mtu mzima anapiga magoti, wakoze mwalimu, wakoze cane, asante sana, hatuna kingine, na yeye akampokea kwa mikono miwili, angemkataaje, kumrudisha mgeni na jogoo wake ni kumtukana, basi angesema, hapohapo angesema, lakini walimu wenzake wamejaa barazani wanamsifu, jioni wakamchinja jogoo, wakampika na ndizi, wakala, na yeye akala, paja aliwekewa yeye kwa heshima, na katikati ya kula akaomba chumvi, mtu gani anaomba chumvi… Madam? anaita Gharibu. Nakusikia, anasema, nafikiria tu. Fikiria, fikiria, haina neno, lakini wewe si ndiye yule mwalimu aliyemuokota mzee wa huko ndani? nilisikia, Mwenyezi Mungu akulipe, na yule mshenzi wa pikipiki wamemkamata, sivyo? na Odilia anasema wamemshika mmoja, sauti yake inatoka kama ya mtu mwenye mafua, wamemshika mmoja, anaitwa Niyubahwe.

Niyubahwe, ambaye siku ile alipita njia hiyohiyo mchana, ambaye taa ya pikipiki yake imefungwa kwa ukanda wa mpira tangu ilipovunjika, na mama yake alitoka Burundi, basi watu wakajumlisha wenyewe, taa mbovu, jina la ng'ambo, ni yeye, wakamnyang'anya funguo, pikipiki iko imefungwa mnyororo nyuma ya ofisi ya mtendaji, na Niyubahwe aliyekuwa anabeba abiria sasa anabeba makreti ya soda kichwani kwa kutwa, na Jumatatu walipokusanyika alisimama bila kupandisha sauti, akasema mimi sikumgonga mzee, mwulizeni mwalimu, yeye alifika wa kwanza, mwalimu atasema kama aliniona, akamgeukia, wewe mwalimu uliniona? na macho yake yalikuwa yametulia kabisa, macho ya mtu aliyekwisha kuokolewa anasubiri tu kutolewa majini, na yeye Odilia akasema kulikuwa na giza, sikuona vizuri, na mtendaji akasema basi Jumamosi, mwalimu akikumbuka vizuri tumalize. Jumamosi ni kesho. Na leo asubuhi anakuja huku amempita njiani, kreti kichwani, jasho, na Niyubahwe akajibana pembeni kupisha gari, pembeni kabisa, akanyanyua mkono kumwamkia, mwakeye mwalimu! tutaonana kesho! hana hata kinyongo, na yeye akapiga honi kumjibu, honi, kama wanakwenda harusini, akakanyaga mafuta, na ndani ya pochi iko leso, na ndani ya leso iko balbu.

Tuzijaribu kabisa, anasema Gharibu, mimi mteja haondoki na kitu hajakiona kinawaka, na anavuta kutoka chini ya kaunta betri kuukuu yenye nyaya mbili, ndivyo anavyofanya kwa kila mtu, anachukua balbu mpya kwa kitambaa asiishike kioo, anagusisha, na mwanga unaruka, unampiga Odilia usoni, anafumba macho, umeona? anasema Gharibu, betri haina upendeleo, halafu kwa mchezo tu, kwa sababu iko karibu, anaichukua ile mbovu anaigusisha pia, hapa, hapa, na hapa, hakuna kitu, giza tupu ndani ya kioo, marehemu, anasema Gharibu anacheka, na Odilia hacheki, kwa sababu amejisikia mwenyewe darasani, sauti yake ileile kali ambayo wanafunzi wanaiigiza akigeuka ubaoni, usinieleze, nionyeshe, mtoto anasimama na maelezo marefu kwa nini saketi yake haikuwaka na yeye anamkata, usinieleze, nionyeshe, na wiki tatu nzima usiku na mchana amekuwa akitafuta maneno, atamwambiaje Bazilio, aanzie wapi, aanzie Kasulu, aanzie kwenye kahawa na kicheko, amtafute padri amsemee, aandike barua, kumbe maneno hayatakiwi, kumbe gari linasema lenyewe, alipeleke vilevile lilivyo, aombe wamtoe mzee Bazilio ndani ya ofisi na magongo yake, wamkalishe kwenye kiti mbele ya gari, yeye aingie awashe taa, hata mchana zinaonekana, na mzee ataangalia ile moja inayowaka na ile moja isiyowaka, na atajua, hana haja ya kuambiwa, na watajua wote, mkewe aliyeleta jogoo atajua, na Niyubahwe atapewa funguo zake, na yeye Odilia… yeye atakuwa nani kesho saa tano? Hatakuwa mwalimu aliyeletwa na Mungu. Anashika kaunta, anasikia aibu imempanda hadi kwenye nywele, ileile ya wiki tatu, haijapungua hata kidogo, ila leo, kwa mara ya kwanza, anaiona ina mlango.

Basi mbili, za kawaida, anasema. Umechagua vizuri, anasema Gharibu, anazirudisha kwenye viboksi vyake, anaviingiza kwenye mfuko, na kwa mkono mwingine ameshaichukua ile mbovu anaipeleka kwenye ndoo ya vyuma chakavu, fundi yuko hapo nje kivulini, dakika tano tu anakufungia, unaondoka nazo zinawaka.

Usiitupe, anasema Odilia, na ananyoosha kiganja. Nirudishie. Gharibu anamwangalia, anaangalia ile balbu, madam, hii haina kazi tena. Inayo, anasema, naomba, na fundi mwambie asisumbuke, nitakuja kuzifunga kesho jioni.