Mwethya wa Prosesa

Huyu Nasima amenikaa rohoni, sidanganyi. Mimi ndiye nimelea seva ya chama chetu cha ushirika hapa Kitui mjini, toka ilipotolewa kwa boksi. Halafu anakuja yeye juzi juzi na buibui lake lililopigwa pasi, na kisauti cha upole, na sasa Bwana Muthama, meneja wetu, kila saa ni "Muulizeni Nasima." Ati Nasima! Kwani mimi Katunge nimekuwa stuli?

Seva ni moja, lakini tumeigawa vipande viwili, na kila kipande kinafanya kazi kama mashine kamili. Changu kinashughulikia pojo za Kitui. Chake ni cha maembe ya Makueni, kule Mukuyuni. Kila kipande kina nusu ya prosesa, ila tuliziweka kwa mpango wa mwethya, vile akina mama wanalima kwetu: leo majembe yote shambani kwako, kesho kwangu. Kipande kikikosa kazi, prosesa zake zinavuka kusaidia kile kingine.

Wiki jana Muthama akatuita. Mmoja wetu atapewa paswedi kuu, awe msimamizi wa mashine nzima. Ataamua akiona vile siku ya kufungua ununuzi wa pojo Kanyangi imeenda. Hiyo paswedi niliitaka mpaka chakula kikanishinda.

Mchana wa siku moja kabla ya ununuzi nikaangalia skrini, nikaona prosesa zinavuka vuka kati ya vipande viwili. Damu ikanichemka. Kumbe huyu malaika anakula jasho langu, halafu maembe yake yanaonekana yanakimbia! Sikungoja kuangalia zaidi. Nikakitoa kipande changu kwa mwethya. Zangu zikawa zangu, haziendi kwa mtu. Nikaenda nyumbani nikiimba wimbo wa kwaya.

Asubuhi, wee! Kanyangi wakulima wamejipanga na magunia, makarani wanabonyeza, skrini haziendi. Simu yangu haikupumzika. "Mama, mashine imekufa?" Haijakufa, inatambaa. Nami nimekaa hapo natoka jasho, prosesa zangu zote zimejaa pomoni, na upande wa maembe, kimya, prosesa zimelala tu.

Nasima akavuta kiti karibu nami. Akasema polepole, wengine wasisikie, "Dada Katunge, umejitoa kwa mwethya?"

"Nimechoka kuliwa," nikamjibu.

"Kuliwa na nani, dada? Asubuhi maembe hayana kazi. Kila asubuhi wewe ndiye unachukua zangu, karibu zote. Tangu nije nimeweka upande wako utangulie, kwa sababu wakulima wa pojo wanatoka mbali."

Akanionyesha ripoti. Prosesa zilikuwa zinavuka, ndiyo, hata ule mchana, lakini zikija kwangu. Ile sifa yote ya wepesi wa mashine yangu, ilikuwa mikono yake. Ukijitoa kwa mwethya, hakuna anayekuja kukulimia, hilo hata mtoto wa Kikamba analijua. Mimi nilisahau kwa sababu ya hasira.

Nikarudisha mpango. Kanyangi wakaanza kupima.

Muthama akaingia amefura. "Nani amegusa mashine?"

Nikafunga macho. Sasa Nasima atanisema, nikajiambia, na ni haki yake.

"Ni mipangilio tu, mkuu," Nasima akasema. "Mimi na Dada Katunge tumeshairekebisha."

Muthama akamwangalia, akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu ndiye kiongozi. Amefanya kazi, na bado anataja mwenzake! Paswedi kuu ni yako, binti."

Nasima akanigeukia akatabasamu, tabasamu la kweli, si la kunicheka. Aka! Angenisema, ningemchukia kwa raha zangu mpaka nistaafu. Sasa hata hiyo ameninyima.